Kilichofungwa Omoni

MWINJILISTI: Sina haja ya kuzunguka mbuyu. Mkristo aliyebatizwa, ambaye Jumapili huketi mbele ya madhabahu na Jumatatu humpelekea mganga fedha ya kuku mweusi ili mpunga wake usiingiliwe na nguruwe wala maji ya chumvi, watu humwita kwa upole mtu wa dini mbili. Mimi nasema ana dini moja tu, nayo ni ile ya Jumatatu, kwa kuwa dini ya mtu ni ile anayoikimbilia siku ya khofu. Mwezi wa Aprili mwaka 2024, maji yalipofurika yakayafunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, niliwasikia kwa masikio yangu watu wa kanisa, hapa hapa Mbwera, wakiulizana ni mzimu gani uliosahauliwa. Sikumsikia hata mmoja akijiuliza kama amemsahau Mungu.

KATEKISTA: Nusu ya maneno yako ni kweli, mwanangu, na ile nusu ya pili sitaikataa kabla ya kuipima. Neno tulitumialo katika kadhia hii ni ushirikina, nalo latoka katika asili moja na neno ushirika, ambalo sisi Wakristo tumelipa heshima kubwa kabisa, hata karamu ya Bwana twaiita Ushirika Mtakatifu. Kushiriki ni kutia mkono pamoja na mwenzio katika sahani moja. Basi mtu atiaye mkono katika sahani ya Mungu, na papo hapo katika sahani ya mwingine, kosa lake halikuanza kwenye kuku mweusi wala kwenye hirizi, bali lilianza siku ile moyo wake ulipodhani kwamba sahani ya kwanza haishibishi. Nami nakuuliza, na unijibu bila ghadhabu: ni nani aliyewafundisha watu wetu kudhani hivyo?

MWINJILISTI: Shetani, Mwalimu. Na wazee wetu waliomsikiliza.

MUUGUZI: Mniwie radhi nyote wawili. Ninyi mnalipima jambo hili kwa mizani ya maneno, nami nimezoea kulipima kwa mtoto aliyelala mkekani. Miaka iliyopita mama alikuwa akimleta mwanawe mwenye degedege baada ya kupitia kwa mganga, hirizi ya ngozi i shingoni, mwili umenyauka kwa homa ya siku nne. Siku hizi nampokea mama mwingine, Mkristo safi, asiyeikaribia hirizi kwa hali yoyote; shingoni mwa mtoto hamna kitu, ila paji la uso lang'aa mafuta ya upako ambayo shangazi yake aliyanunua Dar es Salaam, na homa ni ile ile ya siku nne. Mtumishi, wewe wasema kwamba mama wa kwanza aliabudu sanamu na huyu wa pili ana imani. Nakuomba unionyeshe tofauti hiyo ilipo katika damu ya mtoto.

MWINJILISTI: Tofauti imo katika jina lililotajwa, Dada. Mtume Yakobo aliagiza mgonjwa apakwe mafuta. Mitume walipotumwa wawili wawili waliwapaka wagonjwa mafuta, na shahidi wangu ni Marko. Na kule Efeso leso zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekewa wagonjwa, wakapona. Mungu hakuudharau udongo, wala maji, wala mafuta, maana ndiye aliyeviumba. Ukisema kwamba kitu kishikwacho mkononi hakiwezi kupitisha neema, utakuwa umeufuta ubatizo pamoja na mafuta yangu, na Mwalimu hapa atakosa kazi.

MUUGUZI: Sikusema hivyo. Yakobo aliagiza wazee wa kanisa waitwe waende kwa mgonjwa. Hakuagiza mgonjwa apande basi, asimame foleni, na kununua kichupa mlangoni. Tarehe 1 Februari mwaka 2020, katika kiwanja cha Majengo pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakiwania kukanyaga mafuta yaliyobarikiwa. Walikuwa watu waliotoka nyumbani kwao kwenda kumwomba Mungu, wengine wao wakiwa na watoto mikononi. Na kabla ya hapo, mwaka 2011, nchi nzima pamoja na majirani zetu walipanda kwenda Samunge, huko Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, marehemu Ambilikile Mwasapile, wakanywe kikombe kimoja cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Bei ilikuwa ndogo, na nia ya mzee yule siihukumu. Lakini waliorudi wakiamini kwamba UKIMWI umewatoka, wakaviacha vidonge vyao, hao tuliachiwa sisi wauguzi, na wengi hawakusema ukweli wa walikotoka mpaka walipokuwa hawana nguvu ya kuficha.

MWINJILISTI: Makosa ya watu hayabatilishi jambo. Daktari akikosea kipimo, hamfungi hospitali.

KATEKISTA: Kweli, lakini kuna kisa kimoja ambacho kila nikisomapo hunitia fadhaa, nacho ni cha nyoka wa shaba. Musa hakumfua kwa matakwa yake. Alimfua kwa amri ya Mungu jangwani, na kila aliyeumwa na nyoka akamtazama yule wa shaba, alipona. Sijui kitu katika Agano la Kale chenye nasaba bora kuliko hicho: kimeamriwa na Mungu, kimetengenezwa na nabii, kimeponya watu, wala hapana aliyedanganywa. Hata hivyo, baada ya karne nyingi, Mfalme Hezekia aliwakuta watu wa Yuda wakimfukizia uvumba nyoka yule yule, naye akamvunja vipande vipande, likabaki jina la Nehushtani, kama kusema kipande cha shaba tu. Hezekia siku ile hakuishia kuvunja nguzo na maashera ya wapagani. Alivunja pia kitu cha Musa. Kwa hiyo, mwanangu, habari ya kwamba mafuta yametajwa katika Maandiko haitoshi kuwa hoja. Nyoka naye ametajwa.

MWINJILISTI: Basi chukua nyundo, Mwalimu, uanze nyumbani kwako. Katika makanisa yenu mna sanamu za Mama Maria na za watakatifu, mna ubani, mna mishumaa, na akina mama hubusu msalaba wa mbao kana kwamba una masikio. Mimi nawapa watu mafuta, na mafuta huisha. Sanamu zenu haziishi; hurithiwa na wajukuu. Na ikiwa kitu kikipata kuheshimiwa mno sharti kivunjwe, kwa nini nyundo ya Hezekia ipite mlangoni penu bila kuingia?

KATEKISTA: Umenigusa penye kidonda, wala sitajifanya kwamba hapaumi. Mimi nililelewa katika kanisa la wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliopenda ubani na mishumaa, na bado naupenda ubani, kwa kuwa unanikumbusha kwamba sala hupanda. Lakini mwaka 1923 Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyekuwa mtu wa ubani kuliko wote, alisimama huko London mbele ya umati wa watu wa mwelekeo wake mwenyewe, watu waliompigania Kristo wa altareni kwa nguvu zao zote, akawaambia kwamba hawana haki ya kumsujudia hapo ikiwa wanampita katika miili ya maskini kwenye vichochoro vya miji yao. Hakuwaambia waondoe ubani. Aliwaambia jambo gumu zaidi. Nami nakiri kwamba sisi wa huku tuliuhifadhi ubani kwa uaminifu mkubwa kuliko tulivyoyahifadhi maneno yale. Mara ngapi nimeifunga sala ya jioni vizuri, taa zikazimwa, nami nikapita kando ya nyumba yenye mgonjwa bila kubisha hodi?

NAHODHA: Wazee wangu, na wewe Dada, mmesema sana, nami nimenyamaza kwa kuwa aliyetajwa katika maneno yote haya ni mimi. Mashua yangu ina mabaharia sita, na wanne ni Waislamu. Chombo kinaposhushwa majini baada ya kukalafatiwa, husomwa dua, nami huinamisha kichwa pamoja nao, kama wao wasimamavyo kimya nisemapo sala yangu. Hilo halinisumbui, na masheikh wa hapa huikemea shirki kwa ukali usiopungua ukali wa Mtumishi. Linalonisumbua liko omoni. Mwaka ule kaka yangu alipokufa maji mlangoni mwa mto, nilikwenda kwa mganga, akanipa kitambaa chekundu, nikakifunga chini ya ubao wa omo. Baadaye Mwalimu alimpa mke wangu msalaba mdogo, nikaufunga papo hapo. Na mwaka jana Mtumishi alinipa kichupa cha mafuta. Vyote vitatu vimefungwa kwa uzi mmoja wa nyavu, kwa mkono wangu huu, wala sikuona haya, maana usiku kusi likivuma na chombo kikilala upande, mtu haulizi kilichomwokoa ni kipi.

MWINJILISTI: Mafuta niliyokupa kwa jina la Yesu umeyafunga pamoja na kitambaa cha mganga?

NAHODHA: Hukuniambia yasifungwe, Mtumishi. Uliniambia yanalinda.

MWINJILISTI: Nilisema Mungu analinda.

NAHODHA: Ulisema hivyo mwanzo. Kisha ukanionya nisikiache nyumbani nitokapo, na kikiisha nije nichukue kingine. Na mganga aliniambia maneno yayo hayo kuhusu kitambaa. Usinikasirikie, nakueleza nilivyosikia, wala sikusema kwamba ndivyo ulivyokusudia. Sisi Warufiji tumepata kufundishwa habari ya maji na mafuta kabla yenu. Ngarambe si mbali sana na hapa. Huko ndiko alikotokea Kinjikitile, watu wakamwendea kutoka pande zote za kusini, wakapewa maji ya kugeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai mwaka 1905, naye alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo. Wengine wanamsifu, kwa kuwa aliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kuungana, na mimi ni mmoja wa wanaomsifu. Ila risasi hazikugeuka.

MWINJILISTI: Yale yalikuwa maji ya pepo Hongo. Usiyalinganishe na damu ya Mwanakondoo.

MUUGUZI: Mimi sitazilinganisha roho, Mtumishi, maana sina ujuzi huo. Nitalinganisha maneno wanayoambiwa watu. Wapiganaji wa Maji Maji walipoanguka mbele ya bunduki, wenzao waliambiwa kwamba marehemu alivunja miiko: alilala na mwanamke, au alikula kilichokatazwa, maji yenyewe hayakuwa na ila. Sasa nipokeapo mgonjwa aliyekwisha kuombewa mara saba, nikamwuliza kwa nini hakupona, hunijibu kwa sauti ndogo kwamba imani yake ilipungua, au hakutoa sadaka ya kujimaliza, au kuna agano la ukoo ambalo halijavunjwa. Mafuta nayo hayana ila. Wakati wote mwenye ila ni yule anayeumwa. Nimemwona mwanamke mwenye saratani ya kizazi akifa huku akiomba radhi kwa kuwa hakuamini vya kutosha, na siku hiyo, nisameheni, nilitamani Mungu asiwepo kuliko awe mungu wa namna ile.

(Hapa pakawa kimya.)

KATEKISTA: Dada amesema jambo ambalo mimi kwa miaka yangu yote sikupata kulisema. Na tukilifuata mpaka mwisho wake, njia hiyo hufika pabaya. Katika pwani hii hii ya Waswahili, kwenye msitu wa Shakahola nyuma ya Malindi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe, wakutane na Yesu. Kule hapakuwa na hirizi, wala kitambaa chekundu, wala sanamu ya mti. Palikuwa na Biblia, na mtu aliyeisoma, na watu walioacha kupambanua sauti yake na sauti ya Mungu. Neno ibada, kwa asili yake ya Kiarabu, lina shina moja na neno la mtumwa. Amwabuduye Mungu ni mtumwa wake Yeye peke yake, na kwa sababu hiyo hawezi kuwa mtumwa wa mwingine. Paulo na Barnaba walipokuwa Listra, watu wakawaletea ng'ombe na mashada ya maua wakitaka kuwatolea sadaka, waliyararua mavazi yao, wakarukia katikati ya umati wakipiga kelele kwamba wao ni watu tu. Nami naziona picha zilizobandikwa njia panda ya Kibiti, mtume fulani na nabii fulani, uso mkubwa kuliko msalaba, na bado sijaona nguo iliyoraruliwa.

MWINJILISTI: Unanihesabu miongoni mwa hao?

KATEKISTA: Hapana. Wewe huna picha njia panda, na nyumba yako nayajua makuti yake. Ndiyo maana nazungumza nawe.

MWINJILISTI: Basi nami nitasema lililo moyoni. Nilipofika hapa sikuwa na mafuta. Nilihubiri neno tupu miezi minane, na watu walisikiliza kwa adabu, wakaimba, wakarudi nyumbani, na mtoto alipougua usiku walikwenda kwa mganga, kwa sababu mganga huwapa kitu cha kushika. Nilipoanza kutoa mafuta, waliacha kwenda. Niliona familia tano zikiacha. Mwaniambia nimewapa hirizi ya Kikristo, huenda. Lakini kuna usiku ambao mtu hawezi kushika neno. Mkono wake wataka kufumba juu ya kitu. Na nikiwanyima hicho, kesho yake najua watakuwa wapi. Mwalimu, wazee wako wa UMCA hawakufanya hivyo hivyo kule Masasi?

KATEKISTA: Walifanya. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alilitwaa jando la watu wa huko, akaondoa tambiko la mizimu, akaweka sala na baraka ya kanisa, vijana wakatahiriwa kwa jina la Kristo bila kukatwa na watu wao. Nimekuwa nikimtetea maisha yangu yote. Na sasa umeniweka pagumu, kwa kuwa nikimtetea yeye sina budi kukutetea wewe. Labda jibu langu ni hili: Lucas aliondoa kitu kimoja na kuweka kingine, lakini jando lilibaki kazi ya watu wote, lenye wazee, makungwi, mafunzo na miezi ya kukaa pamoja. Kichupa chako humfanya mtu aende zake peke yake.

MWINJILISTI: Na aliyeondoa bila kuweka kitu, naye alikuwa wa kanisa lako: Edmund John, nduguye Askofu Mkuu John Sepeku, aliyewaombea wagonjwa katika miaka ya 1970 mpaka alipofariki mwaka 1975. Watu walizitoa hirizi zao hadharani mbele yake. Kwa nini lililowezekana siku zile lisiwezekane leo?

MUUGUZI: Liliwezekana mchana, Mtumishi, watu wakiwa wengi na nyimbo zikisikika. Mimi siku zote nawafikiria wakati wa kurudi nyumbani. Yule aliyetoa hirizi aliyovaa miaka 20, usiku wa kwanza alilala na nani chumbani?

NAHODHA: Hapo ndipo nilipokuwa nangoja mfike. Bamvua la wiki ijayo natoka kwenda kutega. Niko tayari kuukata uzi ule: kitambaa, na kichupa, na, Mwalimu uniwie radhi, hata msalaba, maana nimechunguza nafsi yangu nikaona niliufunga kwa nia ile ile. Lakini tangu alipokufa kaka yangu sijapata kupita mlango wa mto omo ikiwa tupu. Na kuna jambo sikulisema. Mganga, nilipokwisha kumlipa, alikuja mwenyewe ufukoni usiku ule, akakaa nami juu ya mchanga mpaka maji yalipojaa, akashika kamba, akatusukuma. Ninyi hamjapata kuja, hata mmoja wenu, na nyote mwajua chombo changu kinapolala.

KATEKISTA: Ni kweli. Mimi nakijua, hata upande wa mkoko kilipofungwa.

MUUGUZI: Nami nakijua.

KATEKISTA: Mwanangu, msalaba usiutupe majini, nirudishie mkononi, nitakuwa nao ufukoni. Nina miaka 72, magoti yangu hayatanipandisha chomboni, lakini mchanga bado nauweza.

MWINJILISTI: Kichupa changu nitakifungua mwenyewe, nilikifunga mimi ingawa uzi ni wako. Bamvua hilo, maji yanajaa saa ngapi?

NAHODHA: Saa kumi alfajiri, na tunatoka yakianza kupwa. Kurudi ni baada ya siku mbili, Mungu akipenda. Waijua bahari?

MWINJILISTI: Sijapata kupita nje ya mlango wa mto.

NAHODHA: Utatapika. Uje na shuka, Mtumishi, na nguo usiyoihurumia, na maji ya kunywa.